Mama Kwenye Meza ya Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Mama alipita leo kwenye karakana yangu ya kompyuta kuniletea koti nililolisahau kwake. Akakaa. Saa ya kufunga ikafika, bado amekaa.

Alikuwa anapanga skrubu. Hakuna aliyemwomba. Kuna kopo pale kona, limejaa skrubu za laptopu, za printa, za mashine ambazo hata sizikumbuki, na mimi na mwenzangu Chapchap tumelipiga chenga tangu tufungue. Mama alilimwaga juu ya kitambaa akaanza kuzitenga: kwa urefu, kwa kichwa, kwa uzi. Kwa macho tu. Akinyanyua moja anaizungusha kidogo kwenye mwanga, vile anavyokagua kifungo.

Chapchap anatengeneza simu meza ya pili. Jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu maishani mwake. Akaninong'oneza kwamba angepata mke mwenye mikono ile asingekaa kapera. Nikamwambia yule ni mama yangu. Akasema anajua, ndiyo maana amenong'ona.

Tukirudi nyumbani Mama akaniuliza kama kufungua yale madude ni kazi ngumu. Nikasema kufungua si kazi, kazi ni kutokufa. Nilikuwa natania. Hakucheka.

"Basi nifundishe hiyo," akasema.

Mama ameshona sare za shule na magauni tangu nipate akili. Sasa duka lake la kushona limefungwa, macho ya watu yako kwenye nguo zilizoshonwa tayari. Baba alitutoka mwaka juzi. Kila nikimpitia jioni namkuta anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekubali. Kwa sharti: ndani ya karakana mimi ni fundi, yeye ni mwanafunzi. Hakuna "we mtoto" mbele ya wateja. Akasema sawa, fundi. Halafu akanisahihisha kola.

Somo la kwanza hakushika mashine yoyote. Swichi kuu tu. Nilimsimamisha kila kona ya chumba, nikamwambia afumbe macho, aende aiguse. Akagonga stuli. Akamgonga Chapchap. Akauliza kama nimemleta kucheza mchezo wa kujificha.

Nikamwambia: siku moshi ukijaa humu, macho hayatakusaidia. Miguu ndiyo itakayojua.

Akarudi kona ya kwanza, akafumba macho tena bila kuambiwa. Mpaka jioni alikuwa anakwenda moja kwa moja kama anaingia jikoni kwake.

Lazima niandike hili maana sina wa kumwambia bila kuonekana najisifu: tangu nifungue chumba hiki, hakuna mtu aliyeumia ndani yake. Si mimi, si Chapchap, si mteja. Mafundi wengine wananicheka kwa ndoo zangu za mchanga na zulia langu la mpira. Wanicheke.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Mama amejua mengi sasa. Hali chakula mezani, ananawa kwanza, kwa sababu waya wa kulehemu una madini ya risasi, sumu isiyotoka mwilini ikishaingia. Akilehemu anafungua dirisha. Unga wa wino wa printa haupulizi kwa mdomo. Nywele kafunga, mikono ya gauni kaikunja juu ya kiwiko. Leo ilikuwa siku yake ya kufungua kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza, mimi nikimwangalia.

Nikamwambia avue pete.

Akasema pete haivuki.

Nikamwambia chuma chochote mkononi ni waya. Ikigusa sehemu mbili kwa pamoja, dhahabu inakuwa nyekundu kabla hujasema "mama". Nimewahi kuona kidole cha namna hiyo. Sikumweleza kilivyokuwa.

"Pete haivuki," akarudia, na safari hii nikaelewa hasemi habari za kidole.

Baba ndiye aliyemvisha. Hajawahi kuitoa, hata alipolazwa wakati wa kunizaa mimi, wauguzi waliifunika kwa plasta. Nilijua yote hayo. Na nilijua pia kwamba nikimruhusu yeye kwa sababu ni mama yangu, basi sheria zangu zote ni mapambo.

Nikamwambia: basi leo huwezi kukaa kwenye meza hii.

Chapchap akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Mama akavua aproni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaniaga kwa adabu ambayo ilinikata kuliko kama angenitukana. "Asante, fundi."

Nimempitia jioni. Hakufungua mlango. Taa ilikuwa inawaka.

Jumamosi, 22 Machi

Amerudi!

Wiki nzima sikumwona karakana. Tulikuwa tunasalimiana kwa simu: hujambo, sijambo, umekula, nimekula. Leo asubuhi naingia, namkuta yuko mlangoni ameshika mfuko wa nguo.

Kidole kitupu. Pale pete ilipokuwa pamebaki alama nyeupe, ngozi laini kama ya mtoto.

Nilikuwa karibu kulia, ila nikaona uzi shingoni. Pete imening'inia kifuani. Nikafikiri, Mungu wangu, nitamwambiaje sasa? Maana kinachoning'inia ni kibaya kuliko kinachobana, ukiinama tu kinaingia ndani ya mashine kabla yako.

Sikulazimika kusema. Aliniona ninavyoangalia. "Hii ya njiani tu," akasema. Akatoa aproni mpya kwenye mfuko. Kitambaa kizito cha pamba, hakuna zipu, hakuna kifungo cha chuma, kamba zinafungwa nyuma na ncha zake zinachomekwa ndani zisining'inie. Upande wa ndani, karibu na bega la kushoto, kuna mfuko mdogo sana wenye kifuniko. Mishono miwili miwili. Akaifungua pete kwenye uzi, akaitia mle, akafunga, akapiga-piga kwa kiganja.

"Hapa haigusi kitu na haianguki hata nikipinduka kichwa chini," akasema. "Nimejaribu."

Nikamuuliza amejaribuje. Akasema hilo halinihusu.

Ametushonea na sisi. Ya Chapchap ina jina lake kifuani kwa uzi wa bluu. Chapchap hakujua aangalie wapi. Alikwenda nje kidogo.

Mchana Mama akafungua kompyuta yake ya kwanza. Akachomoa waya kwanza, akabonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza umeme uliobaki, akavaa mkanda wa mkononi, akagusa bodi kwa kingo tu. Mkanda huu anauita kamba ya mbuzi. Nilimweleza kwamba mwili una umeme wake mdogo, wa kusuguana na nguo, hatuusikii lakini unaua vipande vidogo kimyakimya, na mkanda unaupeleka ardhini. Akasema anaufahamu huo, ndio unaoinua kitambaa cha nailoni kikamganda mtu miguuni siku ya harusi. Miaka yote nimewaeleza watu jambo hili na sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimemfundisha ninachokiogopa mwenyewe. Pawasaplai. Lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta.

Niliweka bovu moja mezani, limefunguliwa, limechomolewa tangu jana. Nikamuuliza: hili lina umeme au halina? Akatazama waya sakafuni, akasema halina. Nikachukua taa ndogo yenye vishikizo vilivyofunikwa mpira, nikagusa miguu miwili ya kikopo kikubwa mle ndani.

Taa ikawaka. Mwako mmoja, ikazima.

Mama hakushtuka. Alikitazama kile kikopo. "Kumbe kilikuwa kinatusubiri," akasema.

Ndivyo. Vikopo vile vinaitwa kapasita na kazi yao ni kutunza umeme. Boksi lisiloharibika hujimaliza umeme lenyewe likiachwa. Bovu halina uhakika. Kwa hiyo hatuamini waya, hatuamini muda, tunaamini mita tu. Pima, maliza, pima tena.

Halafu mkanda. Akawa anauvaa, nikamzuia. Kwenye umeme mkubwa mkanda unavuliwa, maana unakufunga na ardhi na umeme hautafuti kitu kingine zaidi ya njia ya kwenda ardhini. Akalalamika: jana uvae, leo uvue! Nikasema kila hatari na nguo yake. Hilo likamwingia mara moja.

Na mkono mmoja mgongoni. Ukipima kitu kinachowaka, mkono mmoja tu unafanya kazi, wa pili unakaa nyuma, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka huku kwenda kule. Alijaribu kwenye boksi lililozimwa. Akasema anajiona kama mtoto anayeficha sukari.

Lakini mkono wenyewe haukutikisika. Ncha ya mita ikakaa pale alipoiweka. Mimi baada ya miaka yote hii, wangu bado unatikisika kidogo.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi. Wote wazima. Naanzia hapo.

Nilikuwa nimekwenda kununua vipuri. Narudi, nikaona kutoka mbali watu wamesimama upande wa pili wa barabara na milango yetu iko wazi. Moshi mweupe unatoka, mchache. Halafu nikamwona Mama, aproni mwilini, amemshika mwanamume mmoja mrefu nyuma ya kola.

Haya niliyoambiwa na Chapchap, na Mama amesahihisha mara mbili.

Yule mrefu ni mpiga picha wa harusi. Alileta laptopu yake, kibodi imekataa herufi kadhaa. Mama akaipokea, akaiweka mezani, ikacheza. Kama meza yenye mguu mfupi. Akaigeuza, akapitisha kiganja chini, akaona tumbo limejaa. Betri imevimba. Akamwambia mpiga picha: hii haiwashwi, haichajiwi, na haikai kwenye mbao. Akaiweka kwenye sinia la chuma lenye mchanga, lile lililo karibu na mlango.

Mpiga picha akasema ameitumia hivyohivyo siku nyingi na haijamfanya kitu. Ana picha za harusi ndani, bibi harusi anazitaka kesho. Kibodi tu, mama, nakuomba, mambo ya betri tutayaona baadaye. Mama akakataa. Akasema fundi mkuu akija atatoa betri kwanza.

Chapchap anasema Mama alisema "fundi mkuu". Mama anasema hakusema hivyo. Naandika ya Chapchap.

Mpiga picha akachoka kusubiri. Akasema ataipeleka kwingine. Akaitoa kwenye sinia, na kwa sababu kifuniko hakifungi vizuri, akakibana kwa nguvu kwenye kifua chake.

Ikalia. Chapchap anasema kama sufuria ya presha. Mama akasema neno moja, "Sinia!", na sauti hiyo naijua, ndiyo iliyotuokoa mimi na Kaka na magari utotoni. Mikono ya yule bwana ikatii kabla ya kichwa chake. Akaiachia juu ya sinia. Mama akamwaga ndoo ya mchanga, yote, palepale moto ulipochomoza. Chapchap tayari alikuwa anamwongoza mteja mwingine nje. Mama akaenda kwenye swichi kuu. Kwa macho yaliyofumbwa, anasema, kwa sababu moshi ule hautakiwi machoni wala kifuani. Akazima. Akatoka amejifunika pua kwa aproni.

Huko nje mpiga picha akataka kurudi kuchukua picha zake. Mama akamshika. Mtu mrefu vile! Nilipomuuliza alimwezaje, akasema nguo anazijua, kuna mahali ukishika hapachaniki na mwenye nguo haendi popote.

Tulisubiri moshi uishe, tukavuta sinia nje kwa ndoano ndefu, tukaliacha uani, mbali na ukuta, hakuna kugusa. Meza ya mapokezi ina alama nyeusi ukingoni. Basi. Hicho ndicho kilichoungua.

Mama anauliza kama mchanga ule utachekechwa utumike tena au tununue mwingine.

Nilimkumbatia palepale barabarani, mbele ya wateja. Akaniambia nisimkunje aproni.

Ijumaa, 11 Aprili

Laptopu imelala uani mpaka imepoa kabisa. Leo nimeifungua, glavu, miwani, uso mbali. Upande wa betri umeyeyuka kama nta. Diski iko upande wa pili. Nikaitoa, nikaisafisha, nikaiunganisha kwenye mashine yangu.

Picha zipo. Zote. Bibi harusi anacheka, bwana harusi ametoa macho.

Mpiga picha alipoziona akakaa chini sakafuni, kwenye zulia la mpira. Akasema hakulala. Akamwamkia Mama upya, shikamoo ya heshima kabisa, kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Mama akamjibu marahaba, akamuuliza shati lile alishonewa wapi maana bega la kulia limekaa vibaya. Anamrekebishia.

Mtaa mzima una habari. Yule fundi wa upande wa pili, aliyekuwa akiita ndoo zangu vyungu vya maua, amekuja kuuliza mchanga mzuri unapatikana wapi. Nimemwelekeza bila kucheka. Nimecheka baadaye.

Jumapili, 13 Aprili

Habari zilimfikia Kaka pia, na zilimfikia zikiwa kubwa.

Kaka ndiye mkubwa wetu, anasimamia ghala la samani. Mtu mzuri. Anayeuliza bei ya dawa kabla hujamwambia unaumwa. Leo mchana tulikutana kwa Mama, akaanza kabla hajakaa. Aliuliza nina akili gani ya kumweka mama mtu mzima kwenye umeme na moto. Akauliza watu watasemaje. Nikamjibu watu wanasema vizuri tu. Hilo halikusaidia.

Akasema amemtengenezea Mama chumba kwake. Kina dirisha, kiko karibu na bafu. Wajukuu wanamsubiri. Aache karakana, ahamie, apumzike.

Mama alikuwa anashona bega la shati la mpiga picha. Hakunyanyua uso.

"Sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole hiki ikatokea upande wa pili," akasema. "Wewe ulikuwa darasa la mwisho. Nilifunga kitambaa nikamaliza gauni. Hukuniambia nipumzike."

"Nilikuwa mtoto, Mama."

"Ulikuwa mtoto. Na hakuna aliyenifundisha pa kuweka kidole. Huyu ananifundisha."

Nilidhani Kaka ameshindwa na nikaanza kufurahi, halafu nikaona anafuta macho kwa mgongo wa mkono, haraka, kama vumbi limemwingia.

"Nimebakiwa na mzazi mmoja," akasema.

Hilo ndilo ninaloliwaza kila asubuhi nikimwona anafunga aproni. Kwamba sheria zangu zote, mchanga wangu wote, ni kwa ajili ya siku ambayo sijui itakuja na sura gani.

Mama akaweka shati chini. Akamwambia Kaka atafikiri kuhusu chumba. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kaka akasema atarudi kuchukua jibu, na atakuja na gari kabisa.

Nimeosha vyombo peke yangu. Mama kaenda kulala mapema.

Jumanne, 6 Mei

Muuguzi wa zahanati ya wazazi ameleta kompyuta ya mapokezi. Imekufa kimya. Humo ndimo zilimo tarehe za akina mama wote, nani anarudi lini, nani presha yake ilipanda. Wanaandika kwenye makaratasi yaliyochanika sasa, na muuguzi mwenyewe ana sura ya mtu aliyekwisha kusahau kulala.

Nimeikagua. Pawasaplai. Ya umbo la ajabu, jembamba, za kubadilisha hazipatikani madukani, nimeulizia kila mahali. Lazima itengenezwe yenyewe. Maana yake mwishoni lazima ipimwe ikiwa inawaka, wazi, mtu akiwa na ncha ya mita ndani yake.

Nilikuwa navua saa yangu nianze. Mama akasema: niachie mimi.

Nikasema hii si ya kujifunzia. Akasema hajifunzi, anafanya kazi. Kwa wiki hizi amefungua na kumaliza umeme kwenye mabovu mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimemwona. Hajaruka hatua hata moja, hata nikijifanya simwangalii. Hasa nikijifanya simwangalii.

Kaka hajapiga simu wiki hii. Mama hajamtaja. Ila jana nilimkuta amekunja mashuka yake ya akiba na kuyaweka juu ya sanduku. Sikuuliza ni usafi au ni safari.

Nikampa ile pawasaplai.

Alhamisi, 8 Mei

Mama ameupata ugonjwa wa ile pawasaplai. Kapasita mbili zimevimba vichwa, kizuizi kimoja, kile kipande kinachopunguza umeme, kimeungua, na lehemu ya kiwandani imepasuka mahali ambapo mimi, nakiri, ningepita bila kuona. Aliiona kwa miwani yake ya kutunga uzi.

Alimaliza umeme kwanza. Alipima. Alipima tena. Akaniita nipime na mimi, "macho mawili mengine," akasema. Hayo sikumfundisha. Ni yake.

Amelehemu vipya leo. Viungo vinang'aa, vyote sawa, kama mishono ya pindo.

Kesho ataiwasha.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika nikiwa karakana, kwenye meza ya mapokezi, mchana kweupe. Nimefukuzwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kila akinyoosha mkono navuta pumzi. Akaweka ncha ya mita chini, akageuka, akaniambia kwa upole: fundi, unanipumulia shingoni, nenda kakae mbali, Chapchap ashike swichi. Nikasema zamu ya swichi ni yangu. Akasema anayeogopa hapewi swichi, ataizima kabla ya wakati au atachelewa. Maneno hayo ni yangu, nilimwambia mwenyewe mwezi wa tatu. Chapchap akaja, akaweka mkono juu ya swichi kuu, akatulia kama amezaliwa hapo. Kwa kazi hii hakuna mtu bora. Hana haraka.

Kwa hiyo niko hapa. Nimeshika kalamu kwa sababu mikono inataka kitu.

Amekwisha kukagua kila kitu. Viatu vya mpira, zulia, miwani. Meza tupu, hakuna kikombe, hakuna skrubu iliyolegea. Mkanda ameuvua, ameutundika. Akagusa bega la kushoto la aproni mara moja. Akasema kwa sauti, ili chumba chote kisikie: "Nawasha." Kila mtu akajibu tumesikia, hata muuguzi aliyekaa kwenye benchi pale karibu na mlango. Akabonyeza.

Feni ikazunguka.

Haikulipuka, haikunuka. Feni inazunguka tu. Muuguzi akataka kupiga makofi, Chapchap akamwonyesha kwa macho kwamba bado. Sasa ndiyo kipimo chenyewe. Mama amechukua ncha ya mita kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko mgongoni, vidole vimefungwa, alama ya pete naiona kutoka hapa.

Anasoma namba kwa sauti. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa.

Kaka ameingia.

Sikusikia gari. Amesukuma mlango akiwa ameanza kusema, "Mama, nimekuja kuchukua lile jibu..." Mama hajageuka. Hajanyanyua hata kichwa. Kasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Aliyeingia asimame hapohapo. Umeme uko wazi."

Kaka kasimama. Mguu mmoja ndani, mmoja bado kwenye kizingiti. Ananitazama mimi. Nimetikisa kichwa, sina ruhusa ya kusema. Anatazama mkono wa Mama uliomo ndani ya boksi, anatazama ule wa mgongoni, anamtazama Chapchap aliye kama sanamu. Muuguzi anamwonyesha nafasi kwenye benchi. Hakai.

"Ya tatu," anasema Mama. Anangoja namba itulie.

Mkono hautikisiki.

Kaka ana funguo za gari kwenye vidole. Anazikusanya moja moja ndani ya kiganja, polepole, zisilie.